Mbwa, Paka na Kuku wa Uzaramo: Historia ya Utunzaji wa Wanyama wa Nyumbani Kibaha na Kisarawe

Kibaha na Kisarawe ziko katika Mkoa wa Pwani, magharibi na kusini magharibi mwa Dar es Salaam. Mji wa Kibaha umekaa kando ya barabara kuu ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka jijini. Kisarawe iko kwenye vilima vya Pugu, penye msitu wa kale na udongo mweupe wa kaolini. Sehemu kubwa ya nchi hii ni Uzaramo, ingawa upande wa Kibaha wamo pia Wakwere na watu wa makabila mengi waliofuata barabara na ajira. Kwa muda mrefu mnyama mkubwa hakuweza kustawi hapa. Mbung'o walijaa vichakani, na nagana wanayoieneza iliwamaliza ng'ombe na farasi. Kwa hiyo wanyama wa Mzaramo walikuwa wale wanaolala karibu na mlango: kuku, mbuzi wachache, paka na mbwa. Historia ya utunzaji wa wanyama katika wilaya hizi inaanza kwa hao wadogo, tofauti na ya Usukumani au Umasaini ambako kila kitu kilimzunguka ng'ombe.

Kila mnyama na kazi yake

Katika kaya ya Kizaramo mnyama alithaminiwa kwa kazi aliyoifanya. Kuku alikuwa kitoweo cha mgeni, fedha ya dharura na mnyama wa sadaka. Paka alilinda nafaka dhidi ya panya. Mbwa alikuwa wa shamba na wa mawindo, kwa sababu adui mkubwa wa mkulima wa Uzaramo alikuwa nguruwe mwitu. Nguruwe hutoka msituni usiku kwa makundi, wakafukua muhogo na kuangusha mahindi, na asubuhi mwenye shamba hukuta chakula cha miezi kimekwisha. Njia ya kupambana nao ilikuwa msako wa pamoja. Wanaume walitandaza nyavu ukingoni mwa kichaka, mbwa wakaingizwa kutoka upande wa pili, na mnyama aliyefurushwa akaishia wavuni mbele ya mikuki.

Utaratibu huo ulivurugwa na utawala wa Wajerumani. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1997, ameonyesha jinsi kazi za kulazimishwa na za vibarua zilivyowatoa wanaume vijijini Uzaramo, huku sheria mpya zikibana uwindaji wa nyavu. Nguruwe wakaongezeka, wanawake wakabaki peke yao kulinda mashamba, na njaa ikaingia. Hali hiyo ni mojawapo ya mambo yaliyoifanya Uzaramo iingie katika Vita vya Majimaji mwaka 1905. Mambo haya yanaonyesha kwamba mbwa na mawindo havikuwa mchezo wa wakati wa mapumziko, bali sehemu ya ulinzi wa chakula.

Uislamu, uliopata nguvu Uzaramo hasa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, uliweka mipaka iliyo wazi kati ya wanyama hawa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa katika pwani yote ya Waswahili, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hata hivyo kufuga mbwa wa mawindo, wa kulinda mifugo au wa kulinda shamba kumeruhusiwa. Paka hana najisi hiyo, naye huingia ndani na kulala penye mkeka. Ndiyo maana hadi leo nyumba nyingi za Pwani zina paka ndani na mbwa nje, na idadi ya mbwa kulingana na watu ni ndogo kuliko katika mikoa ya wafugaji wa bara. Mpaka huo umeathiri huduma pia: mbwa asiyeguswa na wenyewe ni vigumu kumkagua kupe, kumfunga kamba au kumshika kwa ajili ya sindano.

Matunzo yenyewe yalikuwa ya kujitegemea. Mbwa alikula makombo na alichokamata mwenyewe. Kuku walinyunyiziwa majivu ili kupunguza utitiri na viroboto, na banda likafukizwa moshi. Walipougua waliwekewa pilipili, shubiri au majani machungu katika maji ya kunywa. Majivu yalisaidia kweli dhidi ya wadudu wa ngozini, lakini dawa za maji hazikuweza kuzuia kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Ugonjwa huo unapoingia kijijini huweza kuua karibu kuku wote katika muda wa siku chache.

Magonjwa yaliyokuja na misafara

Njia za misafara zilizoanzia Bagamoyo zilipita kaskazini mwa Kibaha ya leo na kuvuka mto Ruvu, uliokuwa ukiitwa Kingani. Wageni waliozitumia walijifunza kwa hasara kwamba wanyama wao hawakuizoea nchi hii. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo akiwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa siku chache tu baada ya kuondoka pwani. Mbwa wake wa ulinzi, aliyeitwa Omar, naye alifia njiani kabla ya msafara kufika Unyanyembe. Mbwa wa kienyeji huvumilia zaidi, lakini si kwamba nagana haimpati. Mbwa aliyeambukizwa hupata homa, hukonda, huvimba tezi, na mara nyingi macho yake huingia ukungu mweupe. Daktari anayefanya kazi karibu na pori bado huangalia dalili hiyo kabla ya kufikiria ugonjwa wa macho wa kawaida.

Misafara ilileta pia mdudu ambaye leo wengi hudhani ni wa asili. Funza ni kiroboto wa Amerika. Mwaka 1872 alifika Ambriz, Angola, ndani ya meli iliyoitwa Thomas Mitchell iliyotoka Brazili, na katika muda wa robo karne hivi alivuka bara zima kwa miguu ya wapagazi na askari, akafika pwani ya mashariki na Zanzibar kabla ya karne ya 19 kwisha. Jike hupenya ngozi pembeni mwa ukucha au kati ya vidole, akabaki humo huku tumbo lake likijaa mayai mpaka likawa na ukubwa wa njegere. Mayai huanguka mchangani na kuangua humo humo. Mbwa hushambuliwa sawasawa na binadamu: hulamba nyayo, huchechemea, na mwisho hupata vidonda kati ya vidole. Kwa sababu hiyo nyumba inayowatibu watoto funza na kumwacha mbwa anayelala uani haiumalizi ugonjwa. Mchanga huendelea kupokea mayai mapya.

Elimu ya kupe nayo ina mizizi karibu na hapa. Robert Koch, mtafiti wa Kijerumani, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza magonjwa ya ng'ombe, kisha akarudi Afrika Mashariki mwaka 1905 kufuatilia homa inayojirudia miongoni mwa wasafiri. Alionyesha kwamba homa hiyo ililetwa na papasi, kupe wanaojificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo katika vituo vya misafara, na kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake maambukizi kupitia mayai. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba kupe si kero ya ngozi tu bali ni mbebaji wa magonjwa. Kwa mbwa wa Pwani, kupe wa kahawia hueneza ugonjwa wa damu unaoitwa ehrlikiosisi pamoja na babesia, na yote mawili humfanya mbwa apauke ufizi na kukosa hamu ya kula; ehrlikiosisi huweza pia kumtoa damu puani.

Huduma iliyojengwa kwa ajili ya ng'ombe

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliweka makao makuu ya idara ya mifugo Mpwapwa, katikati ya nchi ya ng'ombe. Kazi kubwa ya idara ilikuwa sotoka, homa ya mapafu na majosho. Uzaramo, isiyo na ng'ombe wengi, ilibaki pembezoni. Kuku na paka hawakuwa na nafasi katika mipango hiyo, na mbwa aliingia kwa sababu moja tu: kichaa.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Tanganyika katika miaka ya 1930. Njia iliyotumika katika makoloni ya Waingereza ilikuwa amri. Ugonjwa ulipotangazwa katika eneo, mbwa walitakiwa kufungwa, na waliokutwa wakizurura waliuawa kwa risasi au kwa sumu. Kumbukumbu ya operesheni hizo, zilizoendelea hata baada ya uhuru, ilikaa kwa wafugaji. Wengi waliwaficha mbwa wao waliposikia maafisa wanakuja, na pengo la waliouawa lilizibwa haraka na watoto wa mbwa wapya wasio na kinga yoyote. Tafiti zilizofanywa baadaye katika nchi nyingi zilithibitisha kwamba kuua mbwa hakupunguzi kichaa. Kinachokipunguza ni chanjo.

Kwa upande wa binadamu tiba ilikuwepo tangu Louis Pasteur alipoitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1885, lakini kwa miongo mingi chanjo iliyotumika sana duniani ilitengenezwa kwa ubongo wa kondoo na kudungwa tumboni kwa siku 14 au zaidi. Maumivu na umbali wa hospitali viliwakatisha wengi tamaa kabla hawajamaliza dozi.

Kibaha, kuku na chanjo

Mabadiliko makubwa ya kwanza yalitokea Kibaha yenyewe. Mwaka 1963 ulianzishwa Mradi wa Nordic Tanganyika, kwa ushirikiano wa serikali na nchi za Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi. Lengo lake lilikuwa kupambana na ujinga, maradhi na umaskini kwa pamoja, kwa hiyo palijengwa shule ya sekondari, kituo cha afya cha Tumbi na kituo cha mafunzo ya wakulima. Januari 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Ufugaji wa kuku ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyofundishwa na kufanywa hapo, na mji wa Kibaha ukawa mojawapo ya maeneo yanayolisha Dar es Salaam kwa kuku na mayai. Kwa wakulima wa Pwani huo ulikuwa mwanzo wa kumwona kuku kama mnyama anayestahili banda, chakula cha kupimwa na daktari.

Kideri kilibaki kikwazo. Chanjo za zamani zilihitaji baridi kutoka kiwandani mpaka mkononi mwa mchanjaji, na kijiji kisicho na umeme hakikuweza kuzitunza. Suluhisho lilitoka Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ambako Peter Spradbrow na wenzake walitengeneza chanjo ya I-2 inayovumilia joto kuliko zile za awali. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoipokea, na leo chanjo hiyo huzalishwa katika kituo cha uzalishaji wa chanjo cha Kibaha, kilicho chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, taasisi iliyoanza kazi mwaka 2012. Kituo hicho hutengeneza pia chanjo za kimeta na chambavu.

Urahisi wa chanjo hii uko katika namna inavyotolewa. Mtu mmoja humshika kuku na kumlaza kichwa upande, mwingine hudondosha tone moja katika jicho moja, kisha humwacha mpaka apepese jicho na tone liingie. Hapana sindano wala mizani, na kuku mdogo na mkubwa hupewa kiasi kilekile. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na huweza kufanywa na mwanakijiji aliyefundishwa. Mabadiliko haya yalihamisha sehemu ya kazi ya udaktari kutoka ofisini hadi uani.

Madaktari na maduka ya dawa

Madaktari wa kwanza wa Kitanzania walisomea nje, wengi wao Kabete nchini Kenya. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa mifugo yalianza Morogoro mwaka 1976, na mwaka 1984 yakawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwa miaka mingi wahitimu walikuwa watumishi wa serikali, na bwana mifugo wa kata alitoa huduma kwa bei ndogo au bila malipo. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalibadili hali hiyo: serikali ilipunguza huduma zake, na maduka ya dawa za mifugo yakaenea katika miji kama Kibaha, Mlandizi na Kisarawe.

Maduka hayo yaliokoa wanyama wengi kwa kuleta dawa karibu. Yalileta pia hatari mpya, kwani mfugaji aliweza kununua dawa bila mnyama kuchunguzwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe ilitumiwa kwa mbwa bila kuchanganywa kwa kipimo sahihi. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini zilipakwa paka, na kwa paka hiyo ni sumu inayoleta mtetemeko na kifo. Parasetamoli, iliyomo karibu katika kila nyumba, huharibu damu na ini la paka hata kwa kidonge kimoja. Sheria ya Veterinari na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama za mwaka 2003 ziliweka mfumo wa usajili wa wataalamu na udhibiti wa maradhi, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ikamtambua mnyama kuwa kiumbe anayehisi maumivu, ambaye mwenye kumfuga ana wajibu wa kumlisha, kumpa maji, kumtibu na kutomtesa.

Kampeni za chanjo ya mbwa

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba watu wapatao 1,500 walikuwa wakifa kila mwaka Tanzania kwa kichaa cha mbwa, idadi kubwa mno kuliko ile iliyoandikwa katika taarifa rasmi, kwa sababu wengi walifia nyumbani. Wakati huohuo kazi iliyofanyika Serengeti ilionyesha kwamba ugonjwa huu unazuilika. Katika wilaya hiyo kati ya asilimia 60 na 70 ya mbwa walichanjwa kuanzia mwaka 1996, na baada ya kampeni ya pili matukio ya kichaa kwa mbwa yalipungua kwa asilimia 97.

Kati ya mwaka 2010 na 2015 mpango wa mfano ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani ulizifikia wilaya 28 za kusini mashariki mwa nchi pamoja na Pemba, Mkoa wa Pwani ukiwemo. Maeneo hayo hayakuwa na uzoefu wa kampeni za chanjo ya mbwa. Maafisa mifugo wa wilaya waliziendesha wenyewe, na kwa sehemu kubwa idadi ya mbwa waliochanjwa iliongezeka awamu kwa awamu, huku watu wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa wakipungua. Hospitali nazo zilihamia kwenye uchanjaji wa ndani ya ngozi, unaotumia dawa kidogo kuliko wa kwenye msuli, hivyo chupa moja ikawatosha wagonjwa wengi zaidi.

Siku ya chanjo kijijini ina sura yake. Kituo huwekwa uwanja wa shule au chini ya mwembe mbele ya ofisi ya kijiji. Watoto huwa wa kwanza kufika, kila mmoja akimvuta mbwa kwa kamba ya katani au kipande cha kanga, na foleni hutandazwa kwa nafasi ili mbwa wasipigane. Mwenye mbwa humshika kichwa, mchanjaji hudunga chini ya ngozi ya shingo au bega, na jina la mwenye mbwa huandikwa katika kadi. Wasiofika aghalabu ni mbwa wasioshikika na watoto wa mbwa. Zamani wachanjaji wengi waliwarudisha nyumbani watoto wa mbwa wa chini ya miezi mitatu. Sasa Shirika la Afya Duniani linataka wote wachanjwe, kwa kuwa hao ni sehemu kubwa ya jamii ya mbwa inayozaliana haraka. Lengo ni kufikia angalau asilimia 70 ya mbwa na kurudia kila mwaka, maana mbwa waliochanjwa hufa na wapya huzaliwa kabla mwaka haujaisha.

Ushauri wa leo

Maelekezo yanayotolewa leo katika kliniki na ofisi za mifugo za Kibaha na Kisarawe yametokana na historia hii. Mbwa na paka huchanjwa kichaa kila mwaka na kadi hutunzwa, kwa sababu ndiyo ushahidi wa kwanza daktari anaouomba mtu anapong'atwa. Aliyeng'atwa au kuparuzwa huosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huenda hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo. Virusi husafiri taratibu kupitia mishipa ya fahamu, na chanjo huokoa ikiwahi kabla dalili hazijaanza. Zikishaanza, hakuna tiba. Mbwa aliyeng'ata, kama anashikika, hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10 badala ya kuuawa papo hapo.

Mbwa wa ulinzi, walioongezeka tangu watu wa Dar es Salaam waanze kujenga kwa wingi Kibaha na Kisarawe, hufungiwa mchana katika banda lenye kivuli na maji, na kufunguliwa usiku geti likiwa limefungwa. Mnyororo mfupi wa kudumu humfanya mkali bila kumfanya mlinzi bora. Mbwa wakubwa wenye manyoya mengi hawalingani na joto la Pwani na hawapaswi kukimbizwa saa za jua. Kupe hukaguliwa masikioni, kwapani na kati ya vidole, na dawa hutumika kwa uzito wa mnyama na kwa aina yake. Sehemu anayolala mbwa husafishwa pamoja naye, kwa sababu ya funza na viroboto. Dawa ya minyoo hutolewa kila baada ya miezi mitatu, na kinyesi hufukiwa mbali na wanapochezea watoto.

Watoto hufundishwa kutomsumbua mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto, na kusimama kimya badala ya kukimbia mbwa wa mtaani anapowafuata. Sumu ya panya haiwekwi penye paka, kwani paka aliyemla panya aliyekufa kwa sumu naye huweza kufa. Kuhasi dume na jike hupunguza uzururaji, mapigano na watoto wa mbwa wanaotupwa jalalani. Kuku huchanjwa kideri kwa kufuata kalenda, wageni hutengwa kwa wiki mbili kabla ya kuingizwa bandani, na waliokufa kwa ugonjwa hufukiwa au kuchomwa, bila kulishwa mbwa wala kutupwa.

Kila huduma iliyodumu katika wilaya hizi ilipita njia moja. Chanjo ya kideri ilienea ilipovumilia joto na kuweza kutolewa na jirani. Chanjo ya kichaa ilienea mbwa alipoacha kuwindwa na maafisa na kuanza kuletwa na wenyewe. Amri ya kuua ilishindwa kwa sababu haikumshirikisha mwenye mnyama. Kwa hiyo kazi ya daktari wa mifugo Kibaha na Kisarawe huanza kwa kuelewa mnyama yule anafugwa kwa ajili ya nini na nani anayeweza kumshika, ndipo sindano na dawa zinapofuata.